Kaki haikuanzia Uingereza

Ndugu Mhariri,

Safu za lugha magazetini mara nyingi humaliza habari ya neno "kaki", jina la rangi ya vumbi, kwa kusema tu kwamba limetoka Kiingereza. Waingereza walilipata kwenye Kiurdu, lugha ya Bara Hindi, "khaki", na Kiurdu kililirithi kutoka Kiajemi. Huko "khak" ni udongo au vumbi, na kiishio -i huleta maana ya kitu kinachohusiana nalo.

Mwaka 1846 Harry Lumsden, afisa Mwingereza, aliunda kikosi cha askari kiitwacho Guides mjini Peshawar, ulio Pakistani ya leo, kikosi kilichojulikana kwa kuacha sare nyekundu za Waingereza na kuvaa rangi ya vumbi. Kwenye maasi ya 1857 dhidi ya Waingereza huko India, askari wao wengine walitia rangi sare zao nyeupe kwa chai, kahawa, matope, hata wino, na kila kikosi kikatoka na rangi yake. Mpaka leo neno hilo kwa Kiingereza hubeba kila kitu, kuanzia rangi ya mchanga mkavu hadi kahawia inayoelekea kijani. Ilipofika 1902 jeshi lililoko Uingereza kwenyewe nalo likavishwa kaki, ya sufu na nzito zaidi.

Anayetafsiri kwenda Kiurdu ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu. Kwa sare na bahasha, "khaki" inakaa sawasawa, kama nasi tusemavyo bahasha ya kaki. Lakini maji ya mafuriko yaliyochafuka ni "matiala", kutokana na "mitti", jina la udongo lenye asili ya Kihindi. Kahawia ya kawaida, ya kiatu au ya nywele, ni "bhura". Katika ushairi, "khaki" ni binadamu aliyeumbwa kwa udongo, kinyume cha "nuri", malaika wa nuru, na "nari", jini wa moto. Msomaji wa tenzi zetu anazijua nuru na nari tayari. Mtafsiri akiandika "rangi ya kaki" mahali hapo, ubeti mzima umekufa.

Kuna makosa mawili ninayoyaona yakirudiwa. La kwanza ni kuliita neno hili Kiarabu, kwa kuwa Kiurdu huandikwa kwa hati yenye asili ya Kiarabu. Udongo kwa Kiarabu ni "turab". Kupima, tafuta ndugu wa neno: "khaksar" ni mnyenyekevu, "khakrob" ni mfagiaji, "khaka" ni mchoro wa awali. Hizo -sar na -rob ni viungo vya Kiajemi vinavyobandikwa mwishoni, na "khak" yenyewe haibadiliki. Neno la Kiarabu huzaa ndugu kwa kubadilisha irabu katikati ya konsonanti za mzizi, kama tuonavyo katika kitabu, katibu na maktaba.

La pili ni kusoma Kiurdu kwa herufi za Kirumi peke yake. Hiyo "kh" husimamia sauti mbili: خ, ambayo ni ile ya "kheri", na کھ, yaani k inayotoka na pumzi. "Khana" ya kwanza ni nyumba au chumba; ya pili ni chakula. Karakana yetu imetokana na "karkhana", nyumba ya kazi, na asiyetazama maandishi ya Kiurdu ataigeuza kuwa chakula cha kazi. Kabla ya kuchapisha maana yoyote, neno litazamwe kwa hati yake lenyewe.

Ombi langu ni kwamba kidahizo cha kaki, yaani ingizo lake katika kamusi, kiandikwe kwa njia nzima: Kiajemi "khak", Kiurdu "khaki", kisha Kiingereza. Ile kaki ya kuliwa, mkate mkavu mwembamba, ipewe kidahizo chake peke yake, maana hiyo ni "ka'k" ya Kiarabu na haina undugu wowote na vumbi.

Msomaji wako,
Mombasa