Wachagos Nao Wasikilizwe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie Visiwa vya Chagos katika Bahari ya Hindi, ambavyo Uingereza ilivitenga na Mauritius mwaka 1965, miaka mitatu kabla nchi hiyo haijapata uhuru. Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kitendo hicho kilikuwa kinyume cha sheria, na Mei mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaitaka Uingereza iondoke, kwa kura 116 dhidi ya 6. Mkataba ambao nchi hizo mbili zilitia saini Mei 2025 unatambua mamlaka ya Mauritius, ila unaiachia Uingereza kambi ya kijeshi ya Diego Garcia, kisiwa kikubwa kuliko vyote, kwa miaka 99.

Linaloniuma ni kwamba wenyeji, waliohamishwa kwa lazima hadi kufikia 1973 na kutupwa Mauritius na Shelisheli, hawakuwa na kiti katika mazungumzo hayo, na Diego Garcia hawaruhusiwi kurejea kuishi. Sisi wa Mwambao, ambao mustakabali wa ukanda wetu wa pwani wa maili kumi, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, uliamuliwa Oktoba 1963 kwa barua baina ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar (nami sipingi matokeo yake, yaani kuwa sehemu ya Kenya), tuna kila sababu ya kuitaka serikali yetu iwatetee waziwazi.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa