Shangazi, uliuliza ukoo wa mume wangu

Lexington, Kentucky

Shangazi, shikamoo.

Huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatuandama. Siku ya posa uliwauliza washenga: huyu bwana ni wa ukoo gani, na kwao hasa ni wapi? Wakabaki kutazamana, nawe ukadhani kuna jambo linafichwa. Halikufichwa kitu, jibu ndilo halikuwapo. Sasa tunalo, nusu yake angalau. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza kwa maswali.

Weusi wa hapa Marekani, kama mume wangu, wakitafuta wazee wao hukwama kwenye mwaka 1870. Sensa ilianza 1790, lakini wengi wa waliokuwa watumwa waliandikwa kwa majina yao kwa mara ya kwanza katika ile ya 1870. Sensa za 1850 na 1860 zilikuwa na daftari la watumwa la peke yake: jina la bwana, kisha umri, jinsia na rangi ya kila mtu wake. Jina la mtumwa hamna. Shemeji zangu wameona mstari wa "mwanamume, 19, mweusi" wakashangilia kwamba ndiye babu wa babu yao. Mimi nimekataa mpaka tupate ushahidi mwingine, na sasa wananiita hakimu.

Kilichotufungulia njia ni jeshi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe Kentucky haikujitenga na Marekani kama majimbo ya kusini, kwa hiyo tangazo la Rais Lincoln la Januari 1863 la kuwapa watumwa uhuru, lililohusu majimbo yaliyoasi tu, halikuihusu. Mwanamume wa hapa alijikomboa kwa kuvaa sare. Weusi zaidi ya 10,000 walipita Camp Nelson, kambi iliyo kusini mwa mji wetu, na mzee tunayemtafuta, babu wa babu wa mume wangu, aliandikishwa hapo mwaka 1864. Yeye akawa huru, mkewe na watoto wakabaki mali ya bwana. Wanawake wengi waliwafuata waume zao wakajijengea vibanda kambini. Novemba mwaka huo, katika baridi ya kugandisha, mkuu wa kambi, Jenerali Speed Fry, akaamuru watolewe, wanawake na watoto wapatao 400, na vibanda vikabomolewa. Walikufa 102. Askari mmoja, Joseph Miller, aliapa siku chache baadaye kwamba mwanawe alikuwa mgonjwa na bado wakampakia kwenye gari la farasi. Usiku Miller alitembea hadi mji wa jirani wa Nicholasville, akamkuta amekwisha kufa. Akarudi kambini, na kesho yake akaenda tena kwa miguu, akachimba kaburi na kumzika mwenyewe. Habari za kambi ile ziliwafikia wakubwa Washington, na Machi 1865 Bunge likapitisha sheria ya kuwaacha huru wake na watoto wa askari.

Mzee wetu alirudi salama. Alipofariki, mjane wake aliomba pensheni ya askari, na hapo ndipo maneno yao yalipohifadhiwa. Serikali ilitaka uthibitisho wa ndoa, na mtumwa hakuwa na ndoa mbele ya sheria. Basi akatumwa mkaguzi kuhoji majirani mmoja mmoja, na karani akaandika. Nakala ya jalada tuliiagiza kutoka Hifadhi ya Taifa, Washington. Ungecheka, Shangazi, ni baraza la wazee kabisa! Mkunga anaeleza watoto aliowapokea. Mwingine anaapa alikula karamu ya harusi jikoni kwa bwana. Mjane anaulizwa mtoto wa kwanza alizaliwa lini, anajibu: wakati wa kuvunja katani, theluji ikiwa chini. Katani yao si mkonge wetu wa Muheza, ni mmea wa jamaa ya bangi (usishtuke), waliusokota kamba na kufuma magunia ya kufungia pamba. Kila shahidi ameweka alama ya X, na jina lake limeandikwa kando kwa mkono wa karani.

Katikati ya maneno ya jirani mmoja limo jina la mama wa mzee wetu. Anasema mama huyo aliuzwa kusini mwanawe akiwa mdogo. Wafanyabiashara wa Kentucky waliuza watu hivyo kwa maelfu, kwenda mashamba ya pamba ya Mississippi na Louisiana. Kwa hiyo sasa tunamtafuta mwanamke huyo kwenye wosia na orodha za mirathi za mabwana, ambamo watu wameandikwa na bei zao pamoja na farasi na vitanda. Mume wangu husoma ukurasa mmoja, kisha hutoka nje kuvuta hewa.

Kuhusu kabila, usiwabane tena washenga. Ukoo wao kwa sasa unaanza na mama huyo, na binti tunayemtarajia atapewa jina lake, ukiridhia.

Mama mkwe anakusalimu sana. Juzi naye kanigeuzia swali: na ninyi mnajua mpaka nani? Nilitaja hadi Babu mzaa baba, kwa mama yake nikakwama. Alikuwa nani, na alitoka upande gani? Mwambie Rehema arekodi sauti yako anitumie.

Mwanao