Maneno ya masharti kwenye rasimu zetu

Habari zenu wote. Kabla hamjatuma sehemu zenu za rasimu ya maelezo ya kiufundi, tuelewane kuhusu maneno ya masharti, yaani yale yanayoonyesha uzito wa kila sharti kwa atakayetengeneza mfumo. Tunafuata mtindo wa RFC 2119 ya mwaka 1997 (RFC ni nyaraka za kiufundi za intaneti, kila moja na namba yake): LAZIMA ni sharti lisilo na mjadala, MARUFUKU ni katazo kamili, INAPENDEKEZWA unaweza kuiacha ukiwa na sababu ya msingi na ukijua madhara yake, HIARI ni uamuzi wa mtengenezaji. Andikeni kwa herufi kubwa; RFC 8174 ya 2017 ilifafanua kwamba kwa herufi ndogo yanabaki na maana ya kawaida tu.

Kinachoharibu rasimu nyingi ni sentensi kama "Seva inatakiwa ijibu haraka" (seva ni mfumo unaopokea maombi na kuyajibu). Haraka kiasi gani? Andika: "Seva LAZIMA ijibu kila ombi ndani ya sekunde 2." Hapo mjaribuji ana cha kupima. Pia "ujumbe wa uthibitisho utumwe" haisemi nani atume: programu ya mteja (ile inayotuma maombi) itaisubiri seva, seva nayo itaisubiri programu hiyo, mawasiliano yakwame. Tajeni mtendaji, na sharti moja kwa sentensi, lipewe namba yake, ili jaribio likifeli tujue ni lipi.

LAZIMA msiimwage kila mahali. Ni ya pale ambapo bila hiyo mifumo haitaelewana au madhara yatatokea. HIARI nayo ina mtego: mfumo usio na kipengele hicho LAZIMA bado uweze kuwasiliana na ulio nacho.

Kabla ya kutuma, tafuteni "inafaa", "ikiwezekana" na "inatakiwa" kwenye faili, mzibadilishe moja moja.