Ibada ya kumuaga mwenzetu: siku imebadilika

Bwana Yesu asifiwe wapendwa wa jumuiya.

Ile ibada ya Jumapili tumeirudisha Jumamosi hii, saa 10 jioni, palepale nyumbani kwa Mwalimu. Uhamisho wake wa Songea umeiva, na basi linaondoka Moshi Jumapili alfajiri. Mama na watoto wanabaki mpaka shule zifunge, na bibi bado hajainuka kitandani. Kwa hiyo tunamuaga mmoja, lakini wanaobaki ndio watakaotuhitaji zaidi.

1. Mchango ni 10,000 kwa kaya, umfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa saa 12 jioni. Aliyebanwa asikae nyumbani kwa ajili ya hela, aje tu.
2. Kina mama: chai na maandazi. Sukari ipo tayari.
3. Vijana: viti na turubai, saa 8 mchana. Mawingu ya siku hizi mnayaona wenyewe.
4. Somo ni Matendo 20:36-38, pale Paulo anapopiga magoti na wazee wa Efeso, wanalia, wanamkumbatia, kisha wanamsindikiza hadi melini. Hawakujikaza, nasi tusiwakataze watoto kulia.

Natafuta pia watu wawili wa kupokezana kumpeleka bibi kliniki Jumanne. Mwenye nafasi anifuate inbox.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi usiku: andika "nipo" na idadi ya mnaokuja, kina mama wajue wakande unga kiasi gani.

Katibu