Barua ndani ya shuka za bluu bahari

Mwanangu mpendwa,

Ukiiona barua hii utakuwa umeshafika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Mafinga, umeonyeshwa kitanda chako na unakunjua shuka ya kwanza ili utandike. Nimeiweka humo makusudi. Simu yako itabaki kabatini kwangu mpaka urudi, na mambo mengine sikuweza kuyasema wiki nzima hii, baba yako na kaka zako wakiwa wamejaa sebuleni, kila mmoja akikufundisha namna ya kupiga saluti.

Hizo shuka nimezitafuta siku tatu. Tangazo limeandika bluu bahari, nami pale Soko la Mawenzi nikaonyeshwa bluu za kila namna, nikazikataa zote. Baba yako akaniuliza kuna nani huko kambini wa kupima bluu. Anauliza hivyo kwa sababu hakwenda. Siku za mwanzo kuruta hajulikani kwa jina lake, anajulikana kwa kile kilichomtofautisha na wenzake. Shuka yenye maua, bukta yenye zipu, raba nyeupe katikati ya raba za kijani na bluu, basi, umeshapewa jina la miezi mitatu. Nilitaka uingie pale bila mtu kuwa na sababu ya kukutazama mara mbili. Mwishowe nilizipata Soko la Chifu Kingalu, kwa mama mmoja ambaye aliponiona nimekishika kitambaa juani nakigeuzageuza, aliniuliza, "Wako kapangiwa wapi?" Wa kwake kapangiwa kambi ya Mgambo. Tulisimama pale karibu nusu saa, wateja wanamngoja, sisi tunahesabiana soksi nyeusi.

Jana jioni nilipokunyoa barazani hukusema neno. Nywele ulizisuka siku ulipomaliza mtihani wa mwisho, hata mwezi hazijatimiza. Najua uliona ni mapema, kwamba ungenyolewa huko huko. Lakini sikutaka mkono wa kwanza kukishika kichwa chako kitupu uwe wa mtu asiyekujua. Nyuma ya sikio la kushoto una kibonyeo kidogo. Nilikuwa nakipapasa ulipokuwa mchanga, nikikunyonyesha usiku. Nilikuwa nimekisahau kabisa.

Sasa nikwambie lile nililolikalia miaka yote. Tangu ukiwa mdogo unaniuliza kovu la kisigino changu cha kulia, nami nakujibu ni jembe. Si jembe, mama. Ni buti.

Ilikuwa 1989, nina miaka 20. Enzi zetu sheria ilikuwa kumaliza kidato cha sita, kisha JKT, na ilikuwa mwaka mzima, si miezi mitatu. Wiki ya kwanza mwenzetu mmoja alisema kwenye paredi kwamba mguu unamuuma. Afande akamsimamisha mbele ya kombania nzima akasema, "Huyu ni mtegaji." Hakumpiga, hakumtukana. Neno lenyewe lilitosha. Wasichana wote wa hanga letu, yaani bweni la kambini, tulilala usiku ule kila mmoja amejiapiza moyoni kwamba yeye hataitwa hivyo.

Buti nilizopewa zilikuwa kubwa. Zikanichubua, lengelenge likapasuka, likawa kidonda. Usiku nakifunga kwa kipande cha kanga, alfajiri nakimbia mchakamchaka naimba kuliko wote ili nisionekane nachechemea. Baada ya siku kama nane kikaanza kunuka. Msichana aliyelala kitanda cha jirani, wa Bukoba, akaniambia niende zahanati. Nikamwahidi sukari yangu yote akinyamaza. Akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu tukawa kwenye mbio ndefu, jua kali, nikaona miti inazunguka. Kilichofuata sikijui. Nilizinduka hospitali, homa inawaka, mtoki umevimba kinenani, na daktari ananiambia akikata nyama iliyooza nisitazame. Nililala pale siku 19. Wenzangu walikwenda shabaha mimi nikiwa kitandani, na mpaka leo hii sijafyatua risasi hata moja. Hilo linaniuma kuliko kovu. Watu wa kombania yangu wakikutana wanasimulia siku ya shabaha, mimi nanyamaza.

Afande yule yule alikuja kunitazama na machungwa ndani ya kofia yake. Aliniuliza, "Kwa nini hukusema?" Sikuwa na la kumjibu. Sina kinyongo naye, mwanangu. Alisema neno moja asubuhi moja akalisahau, hakujua kwamba wasichana wengi hivyo walilala nalo. Na yule wa Bukoba ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka gari lilipofika. Ni huyo huyo mama yako mkubwa anayetuletea senene kila msimu. Sukari hakuichukua.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Neno mtegaji utalisikia, pengine siku hiyo hiyo ya kwanza. Kutega ni kitu halisi. Ni kujificha nyuma ya choo wenzako wanapolima, ni kumwachia mwenzako nusu ya kazi yako huku una nguvu zako. Usitege. Hilo ukilifanya nitaona aibu, nakwambia wazi. Lakini kutega na kuumwa havifanani hata kidogo, na usikubali woga wa neno hilo uvichanganye.

Siku ya tatu na ya nne mwili wote utauma. Mapaja, mabega, hata mbavu za kucheka. Hayo ni ya kila kuruta, yataisha yenyewe wiki haijaisha, na adhabu ya kurukaruka kichurachura haitakuua. Kamwe usiende zahanati kwa hayo. Ila kidonda kinachotoa maji, homa, kifua kinachobana, hayo ni ya kusema siku hiyo hiyo. Muuguzi jirani yetu amenisisitizia nikwambie na hili: ukiona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi baada ya mazoezi makali, usingoje kesho. Na tumbo lako la kila mwezi, lile linalokulaza chini, mweleze afande wa kike mapema kabla hujafika kwenye hali hiyo. Si siri ya kuonea haya. Wote mle watakuwa na siku zao. Pedi nimekuwekea za miezi mitatu na za kumpa mwenzako atakayeishiwa, maana yupo atakayeishiwa.

Kwenye fomu watakuuliza magonjwa uliyonayo. Pumu uliyokuwa nayo ukiwa darasa la tano iandike. Najua hujaivuta dawa miaka mingi, na najua utataka kuiacha ili usionekane dhaifu. Mafinga mwezi Juni na Julai ni kipupwe cha kweli. Alfajiri utaona pumzi yako inatoka kama moshi, na huko kwenye msitu wa mipaini wa Sao Hill kuna baridi ya namna ambayo Morogoro hatuijui. Iandike.

Lipo lingine, na hili baba yako ameniomba niliseme mimi. Amri ya jeshi inatolewa mbele ya watu: kwenye paredi, shambani, kwenye kwata. Hiyo itii hata kama huoni maana yake, uliza baadaye. Mwenye cheo akikuita peke yako, usiku, mahali pasipo na mtu, akakwambia ni amri, hiyo si amri. Kataa, ondoka, mwambie afande wa kike usiku huo huo, na asipokusikiliza nenda kwa mwingine aliye juu yake. Wakisema watakurudisha nyumbani, rudi. Nitakupokea stendi ya Msamvu mwenyewe na sitakuuliza cheti.

Najua pia kwamba swali lako la juzi mezani halikujibiwa. Uliuliza kwa nini iwe lazima, baba yako akapandisha sauti, ukaacha chakula. Mimi sikuona ubaya wa swali lako. JKT ilianza 10 Julai 1963, na mwanzoni walikwenda waliojitolea. Serikali ilipotaka wasomi nao waende kwa sheria, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam, Oktoba 1966, mpaka Ikulu. Kilichowauma zaidi kilikuwa mshahara: baada ya kambi wangefanya kazi miezi 18 huku wakikatwa sehemu kubwa ya mshahara huo. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400 warudi kwao vijijini, na hapo hapo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa chuoni baadaye. Babu yako alikuwa akisimulia habari hiyo kwa kumsifu Mwalimu tu, na mimi nilikua nikiisikia hivyo hivyo. Siku hizi naona Mwalimu alikuwa sahihi kuwakumbusha kwamba walisomeshwa na jasho la mkulima, na alikuwa sahihi zaidi kuanza na mshahara wake. Kuwafukuza kwa sababu waliuliza, hapana. Mwaka 1994 mafunzo ya lazima yakasimamishwa, ndiyo maana mjomba wako hakwenda, mpaka yaliporudi 2013. Kaka zako majina yao hayakutoka. Kwa hiyo humu ndani wanaojua ni mimi na, kuanzia kesho, wewe.

Nikikujibu kwa mdomo wangu, si wa serikali: sijui kama kwata ilinifanya mzalendo. Ninachojua ni kwamba kabla ya pale sikuwahi kulala chumba kimoja na mtoto wa Newala, wa Kishapu na wa Bukoba, tunakula ugali na maharage yale yale, tunachekana lafudhi, mpaka anayelia usiku unamjua kwa sauti yake bila taa. Shule ya bweni nayo inakutanisha watu, lakini pale kila mtu anapigania alama zake. Kambini tulikuwa tunaadhibiwa wote kwa kosa la mmoja. Mwanzoni unamchukia huyo mmoja. Baadaye unaanza kumwamsha kabla ya filimbi.

Vitu vidogo. Nauli ya kurudi nimeishonea ndani ya pindo la ile suti ya michezo ya kijani, upande wa kulia, usiiguse hata ukitamani soda. Kufuli lina funguo mbili, moja ivae shingoni. Cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne vimo ndani ya bahasha ya plastiki, toa nakala, vyenyewe usimwachie mtu bila kuandikishiana. Basi likifika Mikumi tazama nje, mara nyingi wanyama wako kandokando ya barabara. Likianza kupanda mlima Kitonga funga macho kama unavyofanya siku zote, hakuna atakayekucheka.

Na miguu. Nilikulazimisha uvae zile raba wiki mbili humu ndani, ukanung'unika. Sasa umejua sababu. Kila usiku ioshe, ikaushe hadi katikati ya vidole, pakaa mafuta ya mgando kisiginoni, vaa soksi kavu. Ukipewa buti kubwa, sema siku hiyo hiyo wakubadilishie. Wakikosa saizi yako vaa soksi mbili. Lengelenge usilipasue.

Ni saa nane na nusu usiku. Baba yako amesinzia kwenye kochi na viatu vyake, anaogopa basi litatuacha. Wewe nakusikia unajigeuza kitandani, hujalala. Nataka kuikunja barua hii niiweke kabla hujaamka kuoga.

Ukipata nafasi ya kuandika, bahasha tatu zenye stempu zimo kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Baba yako atataka habari za shabaha, ulilenga risasi ngapi, na mimi nitazisoma kwa wivu. Lakini wewe anza kwa kunieleza miguu yako ikoje.

Mama yako