Shukrani kwa fundi aliyetuokoa na mvua

Nyumba yetu hapa Wete imeezekwa vigae, na masika haya ilivuja mpaka magodoro yakahamia ukumbini. Mafundi wa kwanza walibandika saruji juu ya paa, usawa wa doa la dari, wakachukua chao. Maji yakaendelea.

Jirani ndiye aliyetuletea kaka huyu, ambaye amekataa katakata kutajwa jina. Alipanda darini na tochi, akaifuata michirizi kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kuelekea juu, maana maji huingia pengine yakadondokea pengine. Kisha akamwaga maji kwa mpira, akianzia chini ya paa na kupanda taratibu, nami ndani nikipiga kelele yakichomoza. Kumbe papi, zile mbao nyembamba zinazoshika vigae, zilipigwa kwa kuachana mno, vigae vikalaliana kidole tu. Upepo ukivuma, mvua inasukumwa chini ya vigae. Akaziezua safu zile, akapanga papi upya, akabadilisha vigae vilivyopasuka. Alipokea pesa za mbao na misumari, basi. Ujira akaukataa, hata chai tulimlazimisha.

Kaka, ahsante sana, Mungu akuzidishie. Nanyi mafundi wengine, pandeni darini kwanza, bei baadaye.