Mwanangu mwalimu, pokea kifurushi

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako wa sauti niliufungulia dukani, wanaume wawili wamekaa kwenye benchi wakisubiri suruali zao zifupishwe. Ukasema "mama, nishonee pedi za wanafunzi wangu wa kike" kwa sauti ya mwalimu aliyezoea darasa la watoto themanini. Wote wawili wakaangalia sakafu. Ndiyo maana leo najibu kwa kalamu.

Pedi zipo 120, za wasichana 30, kila mmoja nne. Juu nimeweka flaneli tabaka tatu, chini kitambaa kisichopitisha maji, na mabawa yana vifungo vya kubonyeza. Baba yako ndiye aliyekata. Aliuliza mara moja tu ni za nini, nikamwambia, akauliza kama rangi iliyokoza si bora kuliko nyeupe, akaendelea na mkasi. Ana akili yule mzee akiamua. Pedi nyeupe ikishaingia doa humtia mtoto aibu hata ikiwa safi.

Sasa nisikilize, maana kushona ndiko kulikokuwa kwepesi. Umesema daftari la mahudhurio linaonyesha wasichana walewale wa darasa la sita na la saba wanakosa siku mbili tatu kila mwezi. Mimi nilikuwa kwenye daftari kama hilo mwaka 1993. Somo wangu, yule mama aliyenifunda, alinifundisha kukunja kipande cha kanga kuukuu, kukifunga kwa kamba kiunoni, na kukificha. Hapo kwenye kuficha ndipo alipokazania: baba asione, kaka asione, hata jua lisione. Nikawa naanika sodo chini ya godoro, likikauka nusu navaa hivyohivyo, nawashwa wiki nzima. Bibi naye akanikataza kutia chumvi kwenye mboga siku za hedhi, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa inajua, pamoja na hao niliokuwa nawaficha.

Kitambaa kile kilikuwa kinahama ukitembea, na shule ilikuwa mbali. Mwalimu akikutaja unatakiwa usimame ndipo ujibu. Nikaona heri nibaki nyumbani. Hesabu za sehemu zilinipita nikiwa nimelala kitandani. Robo na theluthi nimekuja kuzielewa ukubwani, kwa futikamba ya kushonea. Darasa la saba jina langu halikutoka. Sitasingizia hedhi peke yake, sekondari zenyewe zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, lakini zile siku ninazikumbuka.

Kabla hujagawa chochote, muulize kila mmoja pembeni kama ana chupi. Usishangae majibu. Watu huleta maboksi ya pedi mashuleni, wanapiga picha, wanaondoka, mtoto anabaki na pedi asiyo na pa kuifunga. Nimeweka chupi 60, mpya, za saizi tatu, na vifuko 30 vyenye kamba. Huko kwenu Kondoa najua maji ya ndoo moja yanagombaniwa, kwa hiyo usiwategemee wafue shuleni. Abadilishe, iliyotumika aitie kifukoni, akaifue nyumbani kwa maji ya baridi na sabuni. Maji ya moto yanagandisha damu, haitoki tena. Kisha ianikwe juani mpaka ikauke kabisa. Hilo jua ndilo litakalokupa kazi, maana akina mama wenzangu watazirudisha chini ya godoro. Wasemeshe kwenye mkutano wa wazazi, tena wakiwepo baba zao.

Usianzie darasa la sita. Siku hizi wapo wanaovunja ungo na miaka kumi, wako darasa la nne, na hao ndio hushtuka kuliko wote wakidhani wameumia. Tena miaka miwili ya mwanzo siku zao hazina mpangilio, kalenda haisaidii, kwa hiyo weka pedi chache kwenye kabati la ofisini na wajue ufunguo unao wewe. Mtoto anayejikunja kwa maumivu mpaka anatapika kila mwezi usimwambie azoee. Mpeleke zahanati.

Umeniuliza kwa nini wazazi wasinunue za dukani. Wengine watanunua. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya VAT ya asilimia 18 kwenye taulo za kike, tukashangilia, lakini duka la jirani yangu pakiti ikabaki bei ileile. Mwaka uliofuata Waziri wa Fedha wa wakati huo, Philip Mpango, akairudisha, akasema bei hazikushuka. Wenzetu Kenya waliiondoa tangu 2004, na mwaka 2017 wakatunga sheria ya serikali kuwapa wasichana wa shule za umma pedi bure. Kwetu naona mfanyabiashara aliyekula ule msamaha ndiye angebanwa, si mtoto wa kike kubebeshwa kodi tena. Lakini mimi ni fundi cherehani, bajeti ninayoijua ni ya uzi.

Wavulana nao usiwatoe nje ukifundisha. Kaka yako alikuwa anacheka sana haya mambo mpaka nilipomkalisha hapa akashona vifungo. Siku ya pili alichoka kucheka.

Kilichonikosesha usingizi ni jambo ulilolitaja mwishoni, kama unapita: kwamba choo cha wasichana kina matundu manne, wao ni karibu mia mbili, na milango haifungi. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20. Kwa hiyo mnahitaji kumi, na kuyachimba si kazi ya barua yangu, ni ya mwalimu mkuu na kamati ya shule. Mwendee kwa adabu, ukiwa na lile daftari mkononi. Lakini mtoto anayebadilisha pedi mkono mmoja umeshika mlango, hata ningemshonea ya hariri angebaki nyumbani.

Kifurushi nimempa konda wa basi la asubuhi, kipokee stendi kesho jioni, nauli yake nimeshalipa. Kanga iliyofungia ni yako. Chini kabisa kuna kitu kizito kwenye gazeti, usidhani ni zawadi ya nyumba yako: ni makomeo manne na skrubu zake. Bisibisi utaazima.

Mama yako